Amri Isiyokoma: Vichocheo vya Ukuaji, Onkojeni na Kuzidi kwa Seli za Saratani

Utangulizi

Neno saratani limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na maana yake ya asili ni kaa, yule mnyama wa pwani mwenye magando. Waganga wa Uyunani ya kale nao waliuita ugonjwa huu kwa jina la kaa, na Kilatini kikafuata mkondo huo huo. Huko ndiko lilikotoka neno kansa, ambalo lilifika Afrika Mashariki kwa njia ya Kiingereza. Hivyo basi Kiswahili kina majina mawili ya ugonjwa mmoja, na yote mawili yanamtaja mnyama anayetoka nje, akamvamia mtu na kumng'ang'ania. Taswira hiyo ina nguvu sana katika fikira za watu. Anayeambiwa kwamba ana saratani ni rahisi kuuliza kwanza: kitu hiki kimeniingia kutoka wapi, na nani aliyenitupia?

Makala haya yanakusudia kueleza jibu ambalo elimu ya viumbe imelifikia hatua kwa hatua tangu mwaka 1911. Jibu lenyewe, kwa ufupi, ni kwamba kiini cha saratani si mgeni. Ni amri ya kukua, iliyo halali na ya lazima katika mwili, ambayo imepoteza kikomo chake. Methali isemayo kikulacho ki nguoni mwako inalikaribia jambo hili, lakini hailifikii, maana hapa kinachokula hakimo nguoni. Ni mwili wenyewe.

Jambo hili linawahusu wataalamu wa lugha kwa sababu mbili. Kwanza, wanabiolojia wenyewe wameshindwa kulieleza bila kuazima msamiati wa isimu. Husema kwamba jeni zimeandikwa kwa herufi, kwamba maandishi hayo hunukuliwa, kisha hutafsiriwa, na kwamba seli hupelekeana ujumbe. Pili, kila anayetaka kulieleza kwa Kiswahili hana budi kuchagua maneno, na katika ugonjwa huu neno lililochaguliwa vibaya huweza kumfanya mgonjwa amshuku jirani, au aone haya kwa ajili ya ukoo wake, badala ya kwenda hospitali mapema.

Seli Hungoja Kuruhusiwa

Mwili wa mtu mzima una seli zaidi ya trilioni 30. Bakteria, ambaye ni kiumbe wa seli moja tu, akipata chakula cha kutosha hujigawa, na kwake hilo ndilo jambo la busara. Lakini seli iliyomo ndani ya mwili wa mnyama haina uhuru huo. Inaweza kuzungukwa na chakula tele na bado isijigawe, kwa kuwa haijaambiwa. Uhai wa mwili unategemea nidhamu hiyo. Mtu akijikata kidole, seli za ngozi zilizo kando ya jeraha huanza kujigawa, pengo huzibwa, na kazi hiyo ikiisha seli hurudi katika utulivu wake. Kama zisingeambiwa zianze, jeraha lisingepona. Kama zisingeambiwa zikome, kidole kingeota nundu isiyo na mwisho.

Ni nani anayeziambia? Swali hili lilipata jibu katika miaka ya 1950, katika Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Marekani. Rita Levi-Montalcini, mwanasayansi aliyetoka Italia, alikuwa akichunguza kijusi cha kuku kilichopandikizwa kipande cha uvimbe wa panya. Aliona kwamba mishipa ya fahamu ya kijusi ilichipua kwa wingi kuelekea kwenye uvimbe ule, kana kwamba ilikuwa ikiitwa. Akishirikiana na mwanakemia Stanley Cohen, aligundua kwamba uvimbe ulikuwa ukitoa dutu fulani iliyochochea ukuaji wa neva. Baadaye Cohen aliwadunga panya wachanga dutu iliyotolewa katika tezi za mate za panya wakubwa, akaona kwamba walifumbua macho na kuota meno siku kadhaa kabla ya wenzao. Mwaka 1962 alitangaza kwamba amepata kichocheo kingine, nacho kilikuwa kichocheo cha ukuaji wa tabaka la juu la ngozi. Ni protini ndogo sana, yenye asidi amino 53 tu. Kwa kazi hiyo wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1986.

Vichocheo vya ukuaji, basi, ni protini ndogo zinazotolewa na seli moja ili kuiarifu seli nyingine. Kichocheo si chakula, wala si tofali la kujengea seli. Ni taarifa tupu.

Safari ya Ujumbe

Kichocheo chenyewe hakiingii ndani ya seli kutoa amri. Hufika kwenye utando wa nje na kukutana na kipokezi, ambacho ni protini ndefu iliyopenya utando huo: kichwa kiko nje na mkia uko ndani. Kichocheo kikishikamana na kichwa, vipokezi viwili husogeleana na kuungana. Muungano huo huamsha mikia iliyo ndani, na kila mkia huubandika mwenzake vipande vidogo vya kemikali viitwavyo fosfeti. Vipande hivyo hubandikwa katika mahali maalumu, juu ya asidi amino iitwayo tairosini. Hapo ujumbe umekwisha vuka ukuta, ingawa mjumbe mwenyewe amebaki nje.

Alama hizo za fosfeti huvutia protini nyingine, nazo huiamsha protini iitwayo Ras, ambayo imejishikiza upande wa ndani wa utando. Ras ni kama swichi. Ikishika molekuli iitwayo GTP huwa imewaka. Ikiivunja molekuli hiyo, jambo ambalo imeumbwa kulifanya yenyewe kwa msaada wa protini nyingine, huzimika. Ras iliyowaka huamsha kimeng'enya cha kwanza, nacho hukibandika fosfeti cha pili, na cha pili hukibandika cha tatu. Hicho cha tatu huingia katika kiini cha seli na kuziamsha jeni zilizokuwa zimelala. Miongoni mwao ni jeni iitwayo MYC, ambayo protini yake ni kama msimamizi, maana huamuru jeni nyingine nyingi zianze kazi ya ujenzi. Kadhalika hutengenezwa protini za kuondoa breki kubwa ya seli, iitwayo RB. Breki ikiisha kulegezwa, seli hunakili DNA yake yote, yaani herufi zipatazo bilioni 3 kwa kila seti, kisha hujigawa.

Wanaisimu wataona jambo moja hapa ambalo si geni kwao. Umbo la kichocheo halifanani kwa vyovyote na tendo la seli kujigawa, kama vile sauti za neno mti zisivyofanana na mti wenyewe. Uhusiano wa ishara na matokeo yake umewekwa na historia ya viumbe, wala hautokani na umbo la ishara. Kipokezi ndicho kinachokipa kichocheo maana. Pasipo kipokezi, kichocheo ni protini tu inayopita.

Lakini jambo lililo muhimu zaidi katika safari hii ni kwamba kila hatua ina mwisho wake. Kipokezi kilichopata ujumbe humezwa na seli na kusagwa. Vimeng'enya vingine hupita nyuma vikibandua fosfeti zilizobandikwa. Ras huivunja GTP na kuzimika. Protini ya MYC huharibiwa muda mfupi baada ya kutengenezwa. Kukoma si ajali inayoupata ujumbe. Ni sehemu ya ujumbe wenyewe, kama vile kituo kilivyo sehemu ya sentensi. Kiswahili kina maneno mawili yanayopakana sana, koma na komaa. Seli yenye afya hutii yote mawili: hukoma kujigawa, kisha hukomaa na kuwa seli ya ngozi, ya ini au ya damu. Seli ya saratani haikomi, na aghalabu haikomai.

Kuku wa Rous

Elimu ya upande wa pili, yaani ya saratani yenyewe, ilianza kwa kuku. Katika Taasisi ya Rockefeller mjini New York, Peyton Rous alisaga uvimbe wa kuku, akachuja maji yake kwa chujio ambalo bakteria hawawezi kupita, kisha akawadunga kuku wengine maji hayo. Nao wakapata uvimbe. Taarifa yake ilitoka mwaka 1911. Kilichopita katika chujio kilikuwa kirusi. Kwa miaka mingi wataalamu wengi waliiona habari hiyo kuwa ni jambo la kuku tu lisilomhusu binadamu. Rous alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1966, akiwa na umri wa miaka 87.

Kirusi cha Rous kilipochunguzwa baadaye, ilionekana kwamba uwezo wake wa kuleta saratani unatokana na jeni moja tu, iliyopewa jina src. Jeni ya namna hiyo, ambayo inaweza kuisukuma seli katika saratani, ndiyo iitwayo onkojeni. Kufikia hapo mtu angeweza bado kusema kwamba adui ametoka nje. Mwaka 1976 kauli hiyo ilipinduliwa. Michael Bishop na Harold Varmus, wa Chuo Kikuu cha California mjini San Francisco, pamoja na Dominique Stehelin na Peter Vogt, walionyesha kwamba jeni ya src imo katika DNA ya kuku wazima ambao hawajapata kuambukizwa kirusi chochote. Imo pia katika ndege wengine, na baadaye ilipatikana hata katika binadamu. Si kirusi kilichompa kuku jeni hiyo. Kirusi ndicho kilichoiiba kwa kuku, kikaiharibu katika kuibeba, kikairudisha ikiwa imepotoka. Bishop na Varmus walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1989.

Upotovu wenyewe ulikuja kufahamika. Protini ya src ya kawaida ina mkia unaojikunja na kuifunga isifanye kazi mpaka itakapoitwa. Protini ya kirusi imepoteza ncha ya mkia huo, kwa hiyo haifungiki. Ilijulikana pia kwamba kazi yake ni kubandika fosfeti, na kufikia mwaka 1980 ilithibitishwa kwamba huzibandika juu ya tairosini. Mwaka huo huo maabara ya Cohen ilionyesha kwamba kipokezi cha kichocheo chake cha ngozi nacho hubandika fosfeti juu ya tairosini. Mito miwili iliyokuwa imetiririka mbali mbali, mmoja kutoka tezi za mate za panya na mwingine kutoka uvimbe wa kuku, ilikutana mahali pamoja. Saratani na ukuaji wa kawaida vilikuwa vikitumia lugha moja.

Namna Nne za Kuiharibu Amri

Tangu hapo onkojeni nyingi zimegunduliwa, na karibu kila moja imeonekana kuwa ni kituo kimojawapo cha safari iliyoelezwa hapo juu. Mifano minne inatosha kuonyesha jinsi amri inavyoweza kuharibika katika kila kituo.

Namna ya kwanza ni seli kujiamuru yenyewe. Mwaka 1983 watafiti wa Uingereza na Marekani walilinganisha mfuatano wa asidi amino wa onkojeni iitwayo sis, iliyotoka katika kirusi cha nyani, na ule wa kichocheo cha ukuaji kinachotolewa na chembe sahani za damu. Vilifanana mno. Seli yenye onkojeni hiyo hutengeneza kichocheo chake, hukitoa nje, kisha hukipokea kwa kipokezi chake. Haingoji kuambiwa na jirani. Inauliza na kujijibu.

Namna ya pili ni kuharibika kwa kipokezi. Mwaka 1984 ilionekana kwamba onkojeni iitwayo erbB, ya kirusi kingine cha kuku, ni kipokezi cha kichocheo cha ngozi kilichokatwa kichwa. Sehemu ya nje haipo, lakini mkia wa ndani unafanya kazi daima, kama bawabu anayepiga kelele kwamba mgeni amefika ilhali mlangoni hapana mtu. Katika binadamu kosa linaweza kuwa la wingi badala ya umbo. Mwaka 1987 Dennis Slamon na wenzake walieleza kwamba katika baadhi ya saratani za matiti jeni ya kipokezi kiitwacho HER2 imejirudufisha mara nyingi, na kwamba wagonjwa hao walikuwa na hali mbaya zaidi kuliko wengine. Uso wa seli yenye jeni hiyo hujaa vipokezi, hata vikaungana vyenyewe kwa msongamano tu.

Namna ya tatu ni swichi kukwama. Mwaka 1982 vikundi vitatu vya Marekani vilichunguza jeni ya RAS iliyotoka katika saratani ya kibofu cha mkojo cha binadamu. Katika herufi zipatazo 570 zinazoiandika protini hiyo, tofauti iliyokuwa na maana ilikuwa ya herufi moja tu: G ilikuwa imegeuka T, na kwa sababu hiyo asidi amino ya 12 ikawa valini badala ya glaisini. Ras ya namna hiyo hushika GTP lakini haiwezi kuivunja, basi hubaki imewaka. Ni kama neno zima kuandikwa lima. Iliyobadilika ni herufi moja, lakini aliyetakiwa kuzima sasa analima bila kupumzika. Jeni za jamii ya RAS zimeharibika katika takriban moja kati ya kila saratani tano za binadamu, na katika saratani ya kongosho kiasi hicho huzidi asilimia 80.

Namna ya nne inaihusu Afrika Mashariki moja kwa moja. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, alitangaza habari za uvimbe wa taya uliowapata watoto na kukua kwa kasi ya kutisha. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kutoka Uganda hadi Afrika ya Kusini wakiulizia ugonjwa huo hospitali kwa hospitali. Ilidhihirika kwamba unaonekana katika nchi za joto na mvua, zile zile zenye malaria nyingi, na kwamba hauonekani katika nyanda za juu zenye baridi. Mwaka 1964 kirusi kipya, kilichopewa majina ya Epstein na Barr, kiligunduliwa mjini London katika seli za uvimbe huo zilizotoka Uganda. Kisha mwaka 1982 ilibainika kilichotokea ndani ya seli zenyewe. Kipande cha kromosomu ya 8 chenye jeni ya MYC kilikuwa kimekatika na kuungwa, mara nyingi, kwenye kromosomu ya 14, kando ya jeni inayotengeneza kingamwili. Katika seli nyeupe za aina hiyo jeni ya kingamwili hufanya kazi mfululizo, kwa kuwa ndiyo kazi ya seli hizo. MYC, iliyozoea kuamshwa kwa muda mfupi tu, ilijikuta katika mtaa usiolala. Jeni yenyewe bado inatengeneza protini ile ile. Mahali pake ndipo palipobadilika. Wanasintaksia hawatashangaa kwamba neno lile lile, likihamishwa, huweza kugeuza maana ya sentensi nzima.

Kwa Nini Onkojeni Moja Haitoshi

Mtu anaweza kuuliza: ikiwa herufi moja inatosha kuikwamisha swichi, na seli ni trilioni nyingi, kwa nini si kila mtu ana saratani tangu utotoni? Jibu ni kwamba seli ina breki, na breki hizo nazo ni jeni. Mwaka 1971 Alfred Knudson, akichunguza saratani ya jicho inayowapata watoto, alipendekeza kwamba ugonjwa huo huhitaji mapigo mawili, kwa sababu kila jeni ina nakala mbili na sharti zote mbili ziharibike. Jeni hiyo, ambayo ni ile ya breki ya RB iliyokwisha kutajwa, ilipatikana mwaka 1986. Breki nyingine ni protini iitwayo p53. Ilipogunduliwa mwaka 1979 ilidhaniwa kuwa ni ya kundi la onkojeni, na baada ya miaka kumi hivi ikafahamika kwamba kazi yake ni kuizuia seli yenye hitilafu isiendelee kujigawa, au hata kuifanya ife. Jeni yake imeharibika katika takriban nusu ya saratani zote.

Mwaka 1983 maabara ya Robert Weinberg ilionyesha kwamba seli za kijusi cha panya hazigeuki kuwa saratani kamili kwa kutiwa RAS iliyokwama peke yake, wala MYC peke yake, bali kwa kutiwa zote mbili. Baadaye, katika mwaka 1997, ilionekana kwamba seli ya kawaida ikitiwa RAS iliyokwama huweza hata kuacha kujigawa moja kwa moja, kana kwamba imeshtuka kwa ukali wa amri na kujifungia. Ni baada ya breki kuharibika ndipo amri ile hupata mtu wa kuitii.

Aidha, amri haina maana moja katika kila seli. Kuna seli za panya zilizotokana na uvimbe wa tezi iliyo juu ya figo, ambazo watafiti wamezitumia sana. Zikipewa kichocheo cha ngozi, ujumbe hupita katika njia ya Ras kwa muda mfupi, nazo hujigawa. Zikipewa kichocheo cha neva, ujumbe hupita katika njia ile ile lakini hudumu kwa saa kadhaa, nazo huacha kujigawa, huota nyuzi na kufanana na seli za neva. Kilichotofautisha maana ni urefu wa ujumbe. Msemaji wa Kiswahili anayetofautisha koma na komaa kwa urefu wa irabu tu hatapata taabu kulielewa jambo hilo.

Kutokana na hayo yafaa kusema kwamba saratani haizaliwi siku moja. Hukusanya makosa, kosa juu ya kosa, kwa miaka mingi. Ndiyo maana huwapata wazee zaidi kuliko vijana.

Faida ya Kuijua Lugha ya Seli

Maarifa haya hayakubaki maabara. Mwaka 1960 Peter Nowell na David Hungerford, mjini Philadelphia, waliona kromosomu fupi isiyo ya kawaida katika seli za aina moja ya saratani ya damu. Mwaka 1973 Janet Rowley, mjini Chicago, alionyesha kwamba kromosomu za 9 na 22 zimebadilishana vipande. Mabadilishano hayo huunganisha jeni mbili na kuzaa protini moja mpya inayobandika fosfeti bila kukoma. Kwa kuwa protini hiyo ilijulikana umbo na kazi yake, dawa iitwayo imatinibu ilibuniwa ili iingie katika pengo lake na kulizuia. Iliidhinishwa Marekani mwaka 2001, na ugonjwa uliokuwa ukiua katika muda wa miaka michache ukawa, kwa wengi, ugonjwa wa kuishi nao kwa vidonge vya kila siku. Kabla ya hapo, mwaka 1998, iliidhinishwa dawa ya trastuzumabu, ambayo ni kingamwili inayoshika kipokezi cha HER2. Ras ndiyo iliyokataa kwa muda mrefu, kwa kuwa uso wake ni laini na hauna pengo la wazi la kushikia. Dawa ya kwanza ya kuizuia, sotorasibu, iliidhinishwa mwaka 2021, miaka 39 baada ya kosa la herufi moja kugunduliwa, na hufaa kwa kosa la aina moja tu la jeni hiyo.

Dawa hizi si mwisho wa safari. Seli za saratani huendelea kubadilika, na njia moja ikizibwa, baadhi yao hupata njia ya kando. Lakini zimethibitisha kwamba maelezo yenyewe ni ya kweli: amri ikizuiwa mahali pake, uvimbe hupungua.

Suala la Istilahi

Yapo maneno matatu ambayo mwandishi wa Kiswahili hana budi kuyapima. La kwanza ni jeni ya saratani. Istilahi hiyo ni nyepesi ulimini, lakini inadokeza kwamba ipo jeni iliyoumbwa ili kuleta saratani, na kwamba mwenye saratani anayo na mzima hana. Ukweli ni kwamba RAS na MYC zimo katika kila mtu, na kijusi kisingekua bila MYC. Inafaa jina onkojeni litumiwe kwa jeni iliyokwisha kuharibika tu, na ile iliyo nzima iitwe kwa kazi yake, yaani jeni ya ukuaji.

La pili ni ugonjwa wa jeni. Msikilizaji wa Kiswahili hulielewa kwa urahisi kuwa ni ugonjwa wa ukoo, na ukoo ukitajwa, ndoa za mabinti na wana huingia mashakani. Lakini sehemu kubwa ya makosa haya hutokea katika seli za mtu mmoja wakati wa uhai wake, kwa sababu ya moshi wa tumbaku, mwanga wa jua, au makosa ya kunakili tu, nayo hayapiti kwa watoto. Ziko saratani zenye kurithiwa, nazo ni chache. Tofauti hiyo ni lazima itamkwe wazi: jeni imeharibika, si jeni imerithiwa.

La tatu ni kuambukiza. Virusi vichache huchangia saratani, kama kile cha Epstein na Barr katika ugonjwa wa Burkitt. Hata hivyo kirusi hicho kimo katika watu wengi mno duniani ambao hawapati saratani kamwe. Kinachoweza kupita kwa mtu mwingine ni kirusi. Uvimbe wenyewe haupiti. Mama anayemwuguza mwanawe hana haja ya kumtengea sahani.

Tamati

Imeonyeshwa kwamba seli ya mnyama hukua kwa kuambiwa, kwamba kuambiwa huko kuna njia maalumu kutoka kichocheo hadi kiini, na kwamba onkojeni ni kituo cha njia hiyo kilichopoteza uwezo wa kunyamaza. Imeonyeshwa pia kwamba amri hiyo haishindi mpaka breki nazo ziharibike. Mnyama wa pwani aliyelipa jina neno saratani hana budi kubaki katika kamusi, kwa kuwa majina hayafutiki kwa sababu ya elimu mpya. Lakini anayeuliza ugonjwa huu umemwingia kutoka wapi anastahili kujibiwa kwa Kiswahili kilicho sahihi: haukutumwa na mtu, na kwa kawaida hakuurithi wala hakuambukizwa. Ni amri ya mwili wake iliyokosa kituo, na kituo hicho ndicho tabibu anachojaribu kukirudisha.